Walinicheka kwa ndoo za maji, gari langu likazama

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, tumehamia Houston, Texas, huku Marekani na watoto wawili, msimu wa vimbunga ndio huo. Meya akisema tutoke, tutatoka. Au?"

Mwaka 2017 nami nilimsubiri meya. Sylvester Turner akasema tubaki majumbani. Wengi walimlaumu, mimi hapana. Mwaka 2005 watu walikikimbia kimbunga Rita kwa mpigo mmoja, barabara zikafunga, wakafa kama mia hivi huko njiani, wengine kwa joto tu ndani ya magari.

Kimbunga chetu cha 2017, Harvey, kilitua karibu na Rockport, mji wa pwani, tarehe 25 Agosti, mbali nasi, tukashusha pumzi. Kumbe balaa letu si upepo, ni mvua. Kiligoma kuondoka.

Mimi Ijumaa nilishajaza maji ndoo, masufuria, mpaka bafu la kuogea, na maandazi ya siku tatu nimekaanga. Jirani wa ghorofa ya chini, Mswahili mwenzangu, akazipiga picha ndoo zangu akatupia kwenye grupu: "Dada yetu kafungua genge." Vile vicheko ninavyo kwenye simu hadi leo. Jumapili alfajiri mlango unagongwa. Ni yeye, mtoto mgongoni, suruali imelowa hadi kiunoni, pasipoti kwenye mfuko wa nailoni kaziuma kwa meno. Tukawa watu 11 sebuleni. Maandazi ya siku tatu yakaisha asubuhi ile ile. Ile picha hajawahi kuniomba radhi. Sawa.

Umeme ukakatika, mama yake yule jirani ana pumu, mashine ya kuvutia dawa imezima. 911, namba ya dharura, tulipiga mpaka vidole vikauma. Mji mzima ulikuwa unapiga. Aliyetuokoa ni mzee wa watu mwenye boti ya kuvulia samaki, kwa kuwa wakubwa wenyewe waliwaomba raia wenye boti watoke kusaidia. Boti ikatushusha kwenye lori la mchanga, lori likatufikisha ukumbi wa mikutano wa George R. Brown. Vitanda vilipangwa vya watu 5,000, tukajaa kama 10,000.

Na mimi mjanja wa ndoo? Gari niliacha maegesho ya chini, bima ni ile ya lazima tu. Nililiona paa.

Basi mdogo wangu, sikiliza. Bima ya mafuriko kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, ukingoja kimbunga kitajwe kwenye TV umeshachelewa. Ile ya kawaida ya mpangaji haigusi mafuriko. Una mgonjwa wa mashine? Piga 211, namba ya huduma za jamii, umsajili kwenye orodha ya wanaohitaji msaada wakati wa dharura sasa hivi, si siku ya mvua. Jiandae mapema, mapema! Wakati wa Harvey mkuu wa polisi alituonya tusipande darini bila shoka la kutobolea paa, na nyinyi najua hamna shoka. Nunueni.

La kwangu liko nyuma ya mlango. Wiki iliyopita jirani yule kaliona, kacheka kidogo, halafu akauliza nililinunua wapi.