Mume wako hakulogwa, mama

Mama wa Kadutu, Bukavu,

Umeniandikia kwamba mume wako, mbeba mizigo wa bandarini, alianza na vidonge viwili vya tramadol, dawa ya maumivu, vya miligramu 50 kwa ajili ya mgongo, na sasa anameza kumi kwa siku. Wiki iliyopita alianguka uani, akakakamaa, akatokwa na povu. Shemeji zako wanasema amelogwa, wanataka afungiwe chumba cha maombi bila kidonge hata kimoja. Unauliza kama ukubali.

Usikubali. Kuomba muombe, hilo silikatazi, lakini asifungiwe.

Fanya hesabu: kumi mara 50 ni 500. Madaktari hawapitishi 400 kwa siku kwa mtu mzima. Tena tramadol ina tabia ya kuleta kifafa hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka, na dozi ikipanda, hatari inapanda. Mimi nikimtafuta mchawi, nitaanzia kwenye farmasi inayomuuzia bila karatasi ya daktari.

Wengi wakisikia dawa za kulevya wanafikiria bangi na unga tu. Tramadol ni ya ukoo mmoja na mofini na heroini, ingawa nguvu yake ni ndogo. Ikifika kwenye ubongo, maumivu yanafifia, roho inatulia, gunia linakuwa jepesi. Kisha mwili unazoea, na cha jana hakitoshi leo. Ule ukali wa asubuhi uliousimulia, jasho, makamasi, kuhara, mifupa kuuma, ni mwili unaodai dozi. Akishameza anatulia, anajikuna, choo kinafunga. Na lile uliloliandika mwishoni kwa aibu, kwamba hakugusi tena: dawa hizi hupunguza hamu. Usikimbilie kumshuku mwanamke mwingine.

Mimi kinachonitisha zaidi ni pumzi. Dawa za ukoo huu hupunguza kasi ya kupumua, na zikichanganywa na kasiksi (pombe ya ndizi) au valium (dawa ya kutuliza) mtu anaweza kulala asiamke. Ukimtikisa haamki, anakoroma kwa kukwama, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali usiku huohuo. Kifafa kikirudi, ondoa vitu vya kumuumiza, usimshike kwa nguvu wala kumtia kijiko mdomoni. Kikipita dakika tano, hospitali.

Kuacha ataacha, lakini dozi ipunguzwe kidogo kidogo chini ya daktari. Usimwagie vidonge chooni. Hapo Bukavu kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili, na wanaokwenda pale si wendawazimu tu. Beba pakiti ya vidonge waone kilichoandikwa. Mgongo nao upimwe, maana usipotibiwa atarudi farmasi kesho yake. Na yule shemeji mkubwa mwenye sauti nyumbani, mchukue muende pamoja, amsikie daktari kwa masikio yake.

Shangazi