Jibu: Kwenda kongamano la kompyuta bila makala

Umeuliza kama mwanafunzi wa uzamili asiye na makala iliyokubaliwa anaweza kusaidiwa kuhudhuria kongamano. Anaweza. ACM-W (kitengo cha wanawake cha ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta), kwa mfano, huwapa wanafunzi wanawake ufadhili wa hadi dola 600 kwa safari ya ndani ya bara na hadi 1,200 kwa kuvuka bara, wala haidai uwe unawasilisha chochote. Njia nyingine ni kujitolea: CHI, kongamano kubwa la utafiti wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta, huwasamehe ada ya usajili wanafunzi wanaofanya kazi kama saa 20, kukagua beji mlangoni, kupeleka maikrofoni kwa wanaouliza maswali. Mimi nilianzia huko (si CHI, kongamano dogo), na watu niliojuana nao kwenye meza ya usajili ni wengi kuliko wa ukumbini.

Ila kuna hili linaloumiza: ruzuku nyingi hulipwa baada ya safari, ukishapeleka risiti. Nilikopa nauli kwa rafiki, nikasubiri miezi mitatu kurudishiwa, kisa nilitupa pasi ya kupandia ndege! Muulize msimamizi wako mapema kama idara inaweza kutanguliza tiketi, na barua yake ya kukupendekeza iombe leo. Fomu yenyewe ya kuomba ufadhili utaijaza jioni moja tu.