Msome Jane Austen Ukiwa na Daftari la Hesabu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikizianza riwaya za Jane Austen na kuziacha kabla sijafika mbali. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ni hadithi za mapenzi, nami nikazisoma nikiyatafuta mapenzi, nikakuta kurasa nyingi za watu wanaotembeleana, wanaokunywa chai na kuulizana nani ana mapato ya pauni ngapi kwa mwaka. Siku niliyobadilisha namna ya kusoma ndiyo siku niliyoanza kucheka, na ushauri wangu kwa anayemwendea mwandishi huyu kwa mara ya kwanza umetoka hapo: chukua daftari, na kila fedha inapotajwa, andika kiasi chake na jina la mwenye nacho.

Anza na sura ya pili ya Sense and Sensibility, riwaya yake ya kwanza kuchapishwa. Mzee Dashwood, akiwa kitandani mwa mauti, amemwomba mwanawe John awaangalie mama yake wa kambo na dada zake watatu, na John ameahidi. Wakati uleule wa kuahidi anaamua moyoni kuwapa wasichana hao pauni 3,000, yaani 1,000 kila mmoja, na anajiona mkarimu. Kisha mkewe Fanny anaanza kuzungumza. Hagombi wala hapandishi sauti, bali anauliza tu iwapo ni haki kumpunguzia mtoto wao mdogo urithi kiasi hicho. Zile 1,000 zinakuwa 500. Zile 500 zinakuwa pauni 100 za kila mwaka kwa mama, na hapo Fanny anamwonya mumewe kwamba watu wanaolipwa fedha za kila mwaka huwa hawafi. Baadaye ni pauni 50 mara moja moja, na mwishowe ni kuwasaidia kuhamisha vyombo na kuwapelekea samaki na nyama ya mawindo msimu ukifika. Kabla sura haijaisha, Fanny amekwisha kuthibitisha kwamba mjane na mayatima hao, kwa kuwa hawatakuwa na farasi wala wageni, ndio watakaoweza kumsaidia mumewe yeye, tena anaona uchungu kwamba wameachiwa vyombo vya chai vizuri mno.

Nilipoiandika sura hiyo kwa tarakimu tupu, nikizishusha moja chini ya nyingine, nilikumbuka kikao cha mirathi nilichohudhuria nikiwa kijana, siku chache baada ya arobaini, ambapo ahadi iliyotolewa mbele ya waombolezaji ilipunguzwa neno kwa neno na watu wenye adabu nzuri kabisa. Sikuwa nimewahi kuona jambo lile limeandikwa mahali popote. Mwandishi hamlaani Fanny, na hana haja ya kumlaani, kwa sababu anamwacha aseme mpaka amalize, na hesabu yenyewe inamhukumu.

Aliyaandika haya mtu aliyeyajua. Austen alizaliwa tarehe 16 Desemba 1775 katika kijiji cha Steventon, mkoani Hampshire, Uingereza, akiwa mtoto wa saba kati ya wanane wa kasisi wa Kanisa la Anglikana ambaye aliongezea kipato kwa kufundisha wavulana waliolala nyumbani kwake. Baba alipofariki mwaka 1805, mama na mabinti wawili, Jane na Cassandra, walibaki wakitegemea michango ya ndugu zao wa kiume, wakahamahama mpaka mwaka 1809, wakati kaka yao Edward, aliyekuwa amerithi mali za jamaa tajiri waliomlea, alipowapa nyumba katika kijiji cha Chawton. Njia ya kawaida ya kutoka katika utegemezi huo ilikuwa ndoa. Mnamo Desemba 1802, akiwa na miaka 26, alichumbiwa na mrithi wa shamba kubwa la jirani, akakubali jioni, na asubuhi yake akakataa. Mimi hushauri tukio hilo likumbukwe kila mhusika wake wa kike anapoposwa, kwa maana alijua thamani ya alichokiacha.

Ushauri wa pili ni mgumu zaidi, nao ni kuuliza katika kila sentensi: ni nani anayeamini maneno haya? Riwaya yake ya Pride and Prejudice inaanza kwa kutangaza kwamba ni ukweli unaokubaliwa na ulimwengu mzima kuwa mwanamume kapera mwenye mali lazima awe anahitaji mke. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni kauli ya mwandishi. Kumbe ni imani ya majirani wenye mabinti, na anayehitaji hasa ni binti asiye na mali. Angalia tena daftari: Bwana Bennet ana pauni 2,000 kwa mwaka, binti watano, na shamba ambalo kisheria litakwenda kwa binamu wa kiume; Darcy, kapera tajiri wa riwaya hiyo, ana 10,000 kwa mwaka. Mama Bennet, ambaye kila msomaji humcheka, mimi naamini ndiye mtu pekee katika nyumba ile anayeifanya hesabu hiyo kila siku, na sijaweza kumdharau tangu nilipoligundua hilo.

Filamu ni nzuri, lakini zitazame baada ya kusoma, kwa kuwa sauti hii ya msimulizi ndiyo inayopotea kwanza.

Ukurasa wa mwisho wa daftari langu nimempa mwandishi mwenyewe. Mwaka 1803 aliuza mswada kwa pauni 10, na mnunuzi hakuuchapisha. Mwaka 1809 alimwandikia kumkumbusha, akijiita Bi. Ashton Dennis, na kutia sahihi ya herufi M.A.D., ambazo zikisomwa pamoja huwa ni neno la Kiingereza la mtu mwenye hasira. Akajibiwa kwamba anaweza kuununua tena kwa bei ileile. Sense and Sensibility, iliyotoka mwaka 1811 kwa gharama yake na bila jina lake, ilimpa faida ya pauni 140. Haki zote za Pride and Prejudice aliziuza kwa 110, na katika barua ya Novemba 1812 alimwambia rafiki yake kwamba angependelea 150, ila isingewezekana yeye na mchapishaji waridhike wote wawili. Kitabu kilipochapishwa tena na tena, yeye hakupata kitu. Mwaka 1816, mwaka mmoja kabla ya Jane kufariki huko Winchester akiwa na miaka 41, kaka yake Henry alikwenda kuununua ule mswada wa kwanza kwa pauni 10 zilezile. Kwa mujibu wa kumbukumbu za familia, alisubiri mpaka mapatano yalipokwisha na karatasi zikawa mkononi mwake, ndipo akamweleza muuzaji kwamba aliyeziandika ndiye mtunzi wa Pride and Prejudice.