Jirani anasikia vanila, mvuta kiko hasikii kitu

SWALI: Daktari, mimi ni mstaafu wa miaka 63, naishi Upanga. Jioni huwa navuta kiko barazani. Mwanangu aliniletea kutoka Uingereza mkebe wa tumbaku ya vanila. Nikiufungua, harufu yake tamu kweli. Nikishawasha, jirani wa ghorofa ya juu anaisifia, hata mke wangu anasema afadhali hii kuliko ile ya zamani. Lakini mimi ninayevuta sisikii vanila hata kidogo, nasikia moshi tu na ulimi unawaka. Pua yangu imekufa, au nimeuziwa feki?

JIBU: Shikamoo mzee. Tumbaku si feki, na pua iliyosikia vanila kwenye mkebe haijafa. Shida ni mahali ulipo. Kati ya wote wanaofikiwa na moshi huo, wewe ndiye uliyekaa pabaya kuliko wote kwa kuunusa.

Seli za kunusa ziko juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kwenye kieneo cha sentimita chache tu za mraba. Harufu huzifikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mbele, unapovuta hewa kwa pua. Ya pili ni ya nyuma: hewa ya mdomoni na kooni inapanda nyuma ya kaakaa unapotoa pumzi. Hii ya pili ndiyo inayokipa chakula ladha, ingawa sifa zote tunaupa ulimi. Bana pua, weka pipi ya embe mdomoni. Utapata utamu na uchachu kidogo, basi. Sasa achia pua, toa pumzi, uone embe linavyoingia. Ulimi peke yake unajua tamu, chumvi, chachu, chungu na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama. Vanila haimo humo. Isipofika puani, kwako haipo.

Na mvuta kiko ndiye anayeifungia njia. Mvuta sigara huushusha moshi mapafuni, ukitoka unapitia kooni. Wewe unaunyonya, unaukalisha mdomoni, kisha unaupuliza kwa midomo. Unaponyonya, shina la ulimi linainuka na kugusana na kaakaa laini, na mdomo unatengwa na koo. Ndiyo maana unaweza kupumua kwa pua huku mdomo umejaa moshi bila kukohoa. Lakini mlango huo ukifungwa, moshi hauna pa kupandia, na unaotoka unakwenda mbele, kwa jirani.

Hata moshi wenyewe si mmoja. Ulio mdomoni mwako ni mzito na una moto. Tena moshi wa kiko kwa kawaida una ualkali kuliko wa sigara, ndiyo sababu nikotini yake inanyonywa na ngozi laini ya mdomo bila kufika mapafuni. Ualkali huohuo unaifanya nikotini na amonia ziwashe. Na kuwasha hakupokelewi na neva ya harufu. Kunapokelewa na neva ya tano ya kichwa, ileile inayokuliza ukikata kitunguu na kukutoa jasho ukitafuna pilipili. Neva hiyo ikipiga kelele, harufu laini kama vanila inafunikwa. Moshi unaofika ghorofa ya juu umeshapoa na kuchanganyika na hewa, ukali umepungua, na vanila inapata nafasi ya kusikika.

Huo moto wa ulimi una sababu nyingine ya hapa kwetu. Tumbaku za kunukishwa hutiwa sukari na vimiminika vinavyoshika maji, hasa propilini glikoli, ili zisikauke njiani. Ukiufungua mkebe wa namna hiyo Dar wakati wa masika na kuuacha wazi barazani, tumbaku inazidi kulowana. Ikilowa inazimikazimika, wewe unanyonya kwa nguvu isife, na unachovuta kinakuwa nusu moshi nusu mvuke wa moto. (Sisemi haya ili nikufundishe kuvuta vizuri zaidi. Nakueleza kinachokuchoma.)

Sasa tuje kwenye jambo ambalo nadhani lina uzito kuliko yote: kuzoea. Nyumba ikifukizwa udi, mgeni anausikia toka ngazini, mwenye nyumba anaongeza kaa akidhani umekwisha. Seli ya kunusa ikiguswa na harufu, kalsiamu inaingia ndani yake, na kalsiamu hiyo hiyo inaipunguza makali katika muda wa sekunde. Harufu ikiendelea, ubongo nao unaiweka kando, kwa kuwa kazi ya pua ni kukuarifu kilichobadilika: kinachoungua jikoni, maziwa yaliyochacha. Kisichobadilika hakitangazwi. Wewe unafungua mkebe, unanusa, unajaza kiko taratibu, unashindilia. Kufikia kuwasha kiberiti, pua imeshashiba vanila. Wapo wauza manukato wanaokupa punje za kahawa unuse ili pua irudi upya. Hewa ya kawaida inafanya kazi ileile.

Jaribio ni rahisi. Siku utakayovuta, zima kiko, tembea hadi baharini upigwe upepo kama robo saa, kisha rudi. Mlangoni tu utakutana na vanila yako, pengine pamoja na ile harufu ya majivu ambayo mama wa nyumbani amekustahi asikutajie.

Hata hivyo sikupi cheti. Uvutaji wa miaka hupunguza kweli uwezo wa kunusa, na mvutaji hajui kwa sababu unapungua polepole. Habari njema ni kwamba seli hizi ni miongoni mwa chache za neva zinazozaliwa upya, na walioacha kuvuta wengi hunusa vizuri zaidi baadaye, ingawa huchukua miezi, wengine miaka. Jipime nyumbani: kahawa, karafuu, sabuni. Fumba macho, ziba tundu moja la pua, mkeo akusogezee kimoja kimoja, kisha mbadilishe tundu. Usitumie amonia wala dawa ya kuchua yenye mentholi, kwani hizo zinaiamsha ile neva ya tano na utadhani umenusa. La hatari zaidi ni gesi ya kupikia. Harufu yake imewekwa makusudi ili uvujaji ugundulike, na mtu asiyenusa anaweza kulala na mtungi unaovuja.

Usingoje ikiwa upande mmoja tu wa pua hausikii kitu au umeziba muda wote, ikiwa pua inatoa damu, au ikiwa kunusa kumepotea ghafla. Tena jiangalie midomo na ulimi kwenye kioo, hasa pale mdomo wa kiko unapokaa. Kidonda kisichopona kwa wiki 2, au baka jeupe au jekundu lisilofutika, lipeleke Muhimbili idara ya masikio, pua na koo, au kwa daktari wa meno aliye karibu. Kutoushusha moshi mapafuni hakuzuii saratani ya mdomo na koo, na wavuta kiko tunawapokea nayo.

Siku ya kuja, usivute asubuhi hiyo wala usijipake manukato, na orodha ya dawa unazokunywa uje nayo, maana zipo zinazovuruga harufu na ladha. Tutaanza na mdomo, kisha pua.