Ukoo wa baba wa binti yetu umeziba mwaka 1888: nianze kutafuta Kentucky?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Hamilton, Ontario, huu mwaka wa tisa. Mume wangu ni Mkanada mweusi, na bibi yake mzaa baba alizaliwa North Buxton, kijiji cha hapa Ontario cha weusi waliotoroka utumwa Marekani. Binti yetu ana miaka kumi na mmoja, na shuleni ameambiwa apeleke shajara ya ukoo wake. Upande wangu hapakuwa na kazi, baba alitukaririsha majina mpaka babu wa sita. Upande wa baba yake tumefika kwa baba wa yule bibi, aliyezaliwa 1888, na hapo pameziba. Wazee wanasema "tulitoka Kentucky", huko Marekani, basi. Nimelipia tovuti ya nasaba miezi sita sasa, naletewa mamia ya watu wenye jina lile lile. Je, nianze kutafuta Kentucky? Na ule mkusanyiko wa Buxton wa kila Septemba una faida kwa mtafutaji, au ni karamu tu?

*Msomaji, Hamilton*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kentucky usiende kwanza. Watu wengi wanaoniletea swali kama lako wamepoteza muda na fedha kwa kuruka mpaka mapema mno, na jibu walikuwa wameliacha nyuma yao, Ontario.

Nikueleze kwa nini. Sensa za Marekani za 1850 na 1860 zilikuwa na daftari la watumwa peke yao, na ndani ya daftari hilo mtumwa hana jina. Limeandikwa jina la bwana wake, kisha chini yake umri, jinsia na rangi, mstari kwa mstari: mwanamume 24, mwanamke 19, mtoto wa kiume 2. Ukiingia humo na jina la ukoo wa mumeo hutakuta kitu. Karatasi ya kuvuka mpaka nayo haipo, kwa sababu Kanada haikuandika watu wanaoingia kutoka Marekani mpaka mwaka 1908. Tena watoro wengi walibadilisha majina walipofika salama. (Kwetu pwani neno hilo lilikuwa na maana hiyo hiyo, mtumwa aliyemkimbia bwana wake, nami nalitumia kwa heshima.) Ili utafute Kentucky unahitaji vitu vitatu: jina alilotumia kule, kaunti aliyotoka, na ikiwezekana jina la aliyemmiliki. Vyote vitatu, kama viliwahi kuandikwa, mara nyingi viliandikwa upande huu wa mpaka.

Na wewe umebahatika mahali. Buxton haikuwa kijiji kilichoota tu. Ilianzishwa mwaka 1849 na mchungaji William King, Mpresbiteri mzaliwa wa Ireland, aliyefika na watu 15 aliokuwa amewaacha huru. Ardhi yake, ekari 9,000 hivi katika tarafa ya Raleigh, kaunti ya Kent, ilipimwa na kugawanywa vipande vya ekari 50. Kila familia ilinunua kipande chake kwa dola 2.50 kwa ekari, ikalipa kwa awamu kwa miaka kumi. Hata nyumba zilikuwa na kanuni: zisipungue futi 24 kwa 18, zikae futi 33 kutoka barabarani, ziwe na bustani na uzio mbele. Watu waliopimiwa ardhi, wakalipa kwa awamu, wakajenga kanisa na shule, wameacha karatasi.

Sasa tushike uzi. Anza na yule bibi, usianze na baba yake. Sensa ya 1931 ilifunguliwa kwa umma tarehe 1 Juni 2023, baada ya kufungwa miaka 92 kama sheria inavyotaka, na inasomwa bure katika tovuti ya hifadhi ya taifa iliyoko Ottawa, Library and Archives Canada. Kama bibi alikuwa amezaliwa, utamkuta mtoto nyumbani kwa baba yake. Mwonyeshe binti yako ukurasa wenyewe, maana sensa ile iliuliza mpaka kama nyumba ina redio. Yule baba ni mzazi wa bibi, bibi akamzaa baba mkwe wako; kwa hiyo mumeo ni kitukuu chake na binti yako ni kilembwe. Kutoka 1931 rudi 1921, 1911, 1901. Ya 1901 usiipite haraka, kwa kuwa iliandika tarehe kamili ya kuzaliwa, siku, mwezi na mwaka, na ina safu ya rangi ambamo weusi walitiwa herufi "b". Ya 1891, kinyume chake, haikuuliza asili ya mtu, isipokuwa kama ni Mfaransa wa Kanada. Kwa hiyo ukichuja "African" mwaka huo utaambiwa hakuna mtu, nao wamejaa tele.

Ontario ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwaka 1869. Tafuta kizazi cha 1888, kwa kuwa kinataja jina la mama kabla hajaolewa. Ukiwa na jina hilo tafuta ndoa ya wazazi wake, na hapo ndipo nakuomba utulie, uitazame picha ya ukurasa wenyewe. Ile orodha ya majina iliyochapwa na kompyuta haikutoshi. Daftari la ndoa la Ontario linakupa jina la bwana harusi, umri wake, anapoishi, alipozaliwa, kama ni kijana au mjane, kazi yake, kisha majina ya baba na mama yake. Halafu bibi harusi vivyo hivyo. Baada ya hapo yanakuja majina ya mashahidi, dhehebu, tarehe na mahali. Orodha ya kompyuta mara nyingi inabeba majina na tarehe tu. Shahidi, ambaye mara nyingi ni kaka au shemeji, ameachwa nje.

Wazazi wa yule wa 1888 huenda walizaliwa Raleigh kwenyewe miaka ya 1850 au 1860. Ndoa yao itakutajia wazazi wao, yaani wale waliokimbia. Lakini unataka kwenda hatua moja zaidi, kwa wazazi waliobaki utumwani. Hapa watu wengi hukimbilia cheti cha kifo cha mtoro, wanakipata, wanavunjika moyo: vifo vya Ontario kabla ya 1907 hivi havitaji wazazi wa marehemu. Mimi hufanya hivi: natafuta mtoro aliyefiwa na mke akaoa tena baada ya 1869. Mzee wa miaka 50, mzaliwa wa Kentucky, anasimama mbele ya mchungaji katika mji wa Chatham mwaka 1875, karani anamuuliza kama anavyomuuliza kijana yeyote, "Baba yako nani? Mama yako nani?" Naye anajibu. Nimewahi kuuona mstari wa namna hiyo ambamo mama ametajwa kwa jina moja tu, bila la ukoo, kwa sababu hakuwahi kuruhusiwa kuwa nalo. Huenda hiyo ndiyo karatasi pekee duniani iliyomtaja kama mama wa mtu. Kama babu yenu hakuoa tena, tafuta ndoa za kaka na dada zake waliokimbia naye, maana mama yao ni mmoja. Tena yapo madaftari ya ndoa ya kaunti ya 1858 hadi 1869, nayo yanataja wazazi. Haya yote yako kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch, bure, ukijiandikisha.

Kuhusu wale mamia wa jina moja: jina peke yake halimtambulishi mtu, nyumba nzima ndiyo inayomtambulisha. Niliwahi kumfuata mtu miezi miwili kwa sababu jina, umri na kijiji vililingana. Mke alikuwa mwingine, nami nikajiambia ameoa tena. Walikuwa binamu wawili, na ilibidi nirudi kwa familia ile niwaombe radhi. Tangu hapo simkubali mtu mpaka nimemwona na mke, watoto wawili na jirani mmoja. Umri usiutegemee kwa mwaka kamili: sensa za 1851 na 1861 ziliandika umri wa siku ya kuzaliwa ijayo, na ile inayoitwa ya 1851 ilifanyika Januari 1852, na vitabu vya baadhi ya maeneo vilipotea. Mahali pa kuzaliwa napo pasome kwa huruma. Sheria ya watoro ya Marekani ya 1850 ilikuwa mbichi, na mtu mwenye hofu hakuwa na sababu ya kumwambia karani ukweli wote.

Ukimpata mtoro, mfuate shambani. Sensa ya 1861 ina sehemu ya kilimo inayotaja namba ya kipande cha ardhi na ya mstari wake wa mashamba (concession). Ukiwa na namba hizo, fungua OnLand, tovuti ya ardhi ya Ontario, ambako vitabu vya kale vya kila kipande vinatazamwa bure. Usishangae hati ikiwa imechelewa. Mtu aliyefika 1851 akalipa kwa miaka kumi anaweza kuandikiwa hati yake miaka ya 1860. Soma mpaka mwisho wa ukurasa, kwa sababu kipande kinapogawiwa warithi majina ya watoto wote hutokea, pamoja na mabinti walioolewa Michigan.

Wengi walirudi Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule, kwa hiyo usidhani aliyetoweka kwenye sensa ya 1871 amekufa. Tena vijana weusi wa Kanada walivuka kwenda kupigana upande wa Kaskazini, baadhi katika kikosi cha 102 cha askari weusi kilichoundwa Detroit. Kama mmoja wa ukoo alikuwa askari, au mjane wake aliomba pensheni, faili liko hifadhi ya taifa ya Marekani, Washington. Hakuna karatasi ninayoipenda kuliko hiyo. Mjane asiye na cheti cha ndoa ilibidi alete mashahidi waape walimjua wapi, nani alikuwa bwana wao, mume alikuwa akiitwa nani kabla ya kukimbia. Ukifika hapo, mwanangu, ndipo uende Kentucky, moja kwa moja kwenye wosia na orodha za mali za huyo bwana katika mahakama ya kaunti yake, ambako watumwa waliandikwa kwa majina, pembeni ikiwa bei.

Sasa mkusanyiko. Homecoming ya Buxton imekuwapo tangu 1924, kila mwisho wa wiki wa Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo huku ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kuna ibada, maandamano, chakula, watu wanatoka Detroit na mbali zaidi. Kwa hiyo ndiyo, ni karamu. Lakini pia kuna mazungumzo ya historia na nasaba, na kuna jambo ambalo hakuna tovuti inayokuuzia: wajukuu wa majirani wale wale wa 1861 wamekaa meza moja. Usiende mikono mitupu. Chapisha ukurasa mmoja wenye majina, miaka na namba ya shamba, na uwe na swali moja tu, kwa mfano: "Mke wa pili wa huyu alikuwa binti wa nani?" Picha za zamani zibebe bila majina, waachie wazee wazitaje wenyewe. Uliza nani ana Biblia ya familia yenye kurasa za vizazi, omba kuipiga picha palepale. Mpeleke na binti yako aione shule ya 1861 na makaburi. Makumbusho ya Buxton waandikie wiki kadhaa kabla, kwa sababu siku za sherehe hawana nafasi ya kukufungulia majalada.

Kama Septemba ni mbali, Chatham kuna makumbusho ya historia ya weusi, Black Mecca, na Amherstburg iko Freedom Museum. Chama cha nasaba cha Ontario kina tawi la Kent, na hufanya mkutano mkuu kila mwaka. Agosti kuna sherehe ya ukombozi Owen Sound, inayofanyika tangu 1862. Hiyo nenda kwa ajili ya roho, kwa ukoo wa Buxton haina mengi. RootsTech, mkutano mkubwa wa nasaba, husikilizwa bure mtandaoni kila mwaka. Ule usajili wa kulipia usimamishe sasa: maktaba nyingi za umma zina tovuti hizo hizo, unazisoma ndani bila malipo.

Kwa kazi ya shule, mwambie binti aandike kwa wino aliyempata kwenye karatasi, na kwa penseli alichosikia kwa wazee. Kentucky ikae kwa penseli kwa sasa. Yale majina sita ya babu zako yaandike kwa wino, na pembeni jina la aliyekukaririsha na mwaka, maana huyo ndiye shahidi wako. Kisha tafuta ile ndoa ya wazazi wa yule wa 1888. Ukiipata, niandikie majina ya mashahidi wawili, tutaendelea kutoka hapo.