Hatua 70 kwa 70: Ushauri kwa Mwalimu wa Hisabati Aliyekulia Shambani

Nilikulia katika kijiji cha wakulima wa pamba wilayani Maswa, wakati wilaya hiyo ilipokuwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Kabla sijakutana na mwalimu yeyote wa Hisabati, nilikuwa nimekwisha kumwona babu akipima ekari kwa miguu yake. Alitembea hatua 70, akachomeka kijiti, akageuka na kutembea nyingine 70, na shamba likawa limepimwa. Nilikuwa tayari chuoni nilipokaa chini na kukokotoa alichokuwa akifanya: hatua ya mtu mzima ikikadiriwa kuwa yadi 1, hatua 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari ni yadi za mraba 4,840. Mzee ambaye hakuwahi kukaa darasani alikuwa akitumia kipeuo cha pili cha ekari kila msimu wa kulima, tena kwa kosa dogo kuliko yale ninayoyasahihisha katika madaftari ya kidato cha pili.

Msimu wa kuuza pamba ulipofika, baba alinichukua kwenda kituo cha kununulia, na kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na mizani, nisome uzito na kupata jibu kabla karani hajaandika. Tuseme kilo 186 kwa shilingi 250: nilizidisha 186 kwa 1,000, nikagawanya kwa 4, nikamnong'oneza baba 46,500. Wazee walikuwa na sababu ya kutuweka pale. Ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, uliokua chini ya uongozi wa Paul Bomani hadi kuunda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, ulichochewa kwa kiasi kikubwa na malalamiko ya wakulima kuhusu mizani ya wanunuzi. Kwa hiyo kwetu hesabu haikuwa somo la shuleni tu, bali ilikuwa kinga ya jasho la mwaka mzima.

Ninaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mwaka 2005, nilipoingia kidato cha kwanza katika shule ya kata iliyokuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, niligeuka ghafla kuwa mtoto asiyejua hesabu. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, na sekondari kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Nilikuwa ninajua KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, barabara kabisa, lakini mwalimu alipoifundisha kwa jina lake la Kiingereza nilidhani ni mada mpya, nikaikariri upya tangu mwanzo kama mgeni. Zaidi ya nusu ya muhula ilipita kabla sijagundua kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja, na hakuna aliyeniambia. Niligundua mwenyewe usiku mmoja, nikiwa na daftari langu la darasa la saba pembeni.

Safari iliyofuata naweza kuieleza kwa ufupi: kidato cha tano na cha sita kwa mchepuo wa Uchumi, Jiografia na Hisabati, kisha shahada ya ualimu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, huku ndugu kadhaa wakinisihi nisomee uhasibu. Nilichagua ualimu kwa sababu ya ule usiku wa daftari mbili.

Hata hivyo, nilipopangiwa kituo changu cha kwanza cha kazi, nilisahau nilikotoka. Katika jaribio langu la kwanza kwa kidato cha kwanza, wanafunzi 43 kati ya 61 walipata chini ya alama 30, na nikasema mbele yao kwamba hawana msingi. Ninaijutia kauli hiyo hadi leo. Wiki iliyofuata niliwaita wachache, nikawauliza maswali yale yale kwa mdomo na kwa Kiswahili, na wengi wao wakayajibu wakiwa wamesimama. Swali moja lilitaka "product" ya namba mbili, yaani jibu la kuzidisha, na mvulana mmoja alikuwa ameandika kwamba namba hazina bidhaa. Mwingine aliulizwa "difference" kati ya 84 na 29, yaani jibu la kutoa, akaeleza kwa uaminifu kwamba moja ni shufwa na nyingine ni witiri. Jibu lile lilikuwa sahihi kabisa, ila si kwa swali lililoulizwa.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujaamua kwamba mtoto hajui hesabu, hakikisha kwanza kwamba amelielewa swali. Mimi huwataka wanafunzi wote wawe na daftari dogo la maneno lenye safu tatu: neno la Kiingereza, neno la Kiswahili walilolitumia shule ya msingi, na mfano mmoja wa namba. Dakika 5 za mwanzo wa kipindi hutumika hapo. Sishauri uache Kiingereza, kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne utakuja kwa lugha hiyo na hautamhurumia mtu. Ninashauri umvushe mtoto kutoka neno analolijua hadi neno atakaloulizwa, badala ya kumwacha aruke peke yake.

Kisha jifunze vipimo vya mahali ulipopangiwa. Kama ni Pwani, pishi moja ni vibaba vinne, na mada ya sehemu, kama robo na nusu, imekwisha kueleweka kabla hujashika chaki. Kama ni kwenye mahindi, uliza gunia lina debe ngapi, halafu waache wanafunzi wakokotoe mkulima anapoteza asilimia ngapi akijaza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo.

Mimi huanza mada ya eneo uwanjani, kwa hatua 70 kwa 70. Mwaka jana msichana mmoja aliniuliza ni hatua za nani, kwa kuwa nyumbani kwao walikuwa wameuza ekari moja na aliyepima alikuwa mnunuzi mwenyewe, mtu mrefu. Tulirudi darasani tukakokotoa: mtu mwenye hatua ya mita 1 kamili huchukua mita za mraba 4,900, wakati ekari ni takriban 4,047, yaani ziada ya mita za mraba zaidi ya 850. Darasa lilinyamaza. Siku iliyofuata alikuja na kamba ya katani aliyoifunga mafundo kila baada ya mita 1, akaomba ruhusa ya kuondoka mapema ili akapime kabla jua halijazama.