Mtoto wako anataka kuwa Luol Deng? Tuzungumze kwanza

Wazazi wenzangu wa Kiafrika hapa kusini mwa London huniuliza swali moja kila mtoto anapoanza kuinama mlangoni: nimpeleke Marekani? Wananiuliza mimi kwa sababu mwanangu anacheza mpira wa kikapu, na mwisho wa wiki husaidia mazoezi ya vijana. Jibu langu huanzia kwa Luol Deng, aliyetoka mitaa hii hii ya kusini mwa London akafika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, maana jina lake ndilo wanalokuja nalo, tena wakiwa wameshika upande mmoja tu wa habari: pesa alizolipwa huko.

Deng alizaliwa Wau mwaka 1985, sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini. Vita viliikimbiza familia yake hadi Misri, na huko Manute Bol, mtu wa kabila lao la Dinka aliyekuwa amecheza NBA, akawafundisha kikapu yeye na kaka zake. Baadaye wakapata hifadhi Uingereza, wakakaa South Norwood. Kijana alipenda soka vilevile, na ni shabiki wa Arsenal mpaka leo (kwa hilo tumwombee). Kikapu alikicheza Brixton Topcats, klabu ya mtaani chini ya kocha Jimmy Rogers, mzee aliyelea vijana wa Brixton hadi alipofariki mwaka 2018.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nauli ya Marekani, tafuta kocha ambaye mwaka ujao bado utamkuta palepale. Usitishwe na ukumbi uliochakaa, wala na mistari ya badminton iliyochorwa juu ya mistari ya kikapu. Klabu nyingi za hapa hukodi ukumbi kwa saa, na saa ikiisha mnatolewa. Baada ya Olimpiki ya London, UK Sport, shirika linalogawa fedha za umma kwa michezo, iliufutia mchezo huu fedha mwaka 2014, basi usitegemee anasa.

Ni kweli, Deng aliondoka akiwa na miaka 14. Lakini alikwenda Blair Academy, New Jersey, shule ya bweni yenye masomo ya kweli, na dada yake Arek alisoma hapohapo. Kisha akacheza msimu mmoja Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2004 akachaguliwa wa 7 katika uteuzi wa NBA, ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, akaangukia timu ya Chicago Bulls. Mtu aliyetupigia simu sisi, akijitambulisha kuwa anawakilisha shule fulani ya huko, alikuwa na maneno matamu kuhusu ufadhili. Nikamwomba aniandikie mambo matatu: mlezi wa mtoto ni nani kisheria, mwanangu akivunjika goti nani anamtibu, na ufadhili unaendelea asipocheza? Hakupiga tena. Maswali hayo yaulize mapema, na majibu uyapate kwa maandishi.

Sasa kuhusu mchezo wenyewe, maana hapa ndipo wazazi tunapopotoshwa na video fupi za simu. Vijana wanataka kuchezea mpira katikati ya miguu na kurusha kutoka mbali. Deng hakuwa hivyo. Alipata nafasi zake kwa kukimbia bila mpira: beki akigeuza shingo tu, yeye keshapita mgongoni, anapokea pasi chini ya kikapu, anafunga. Upande wa pili anakabidhiwa mshambuliaji hatari kuliko wote, mara nyingi LeBron James, na anamkaba usiku kucha. Ndiyo maana kocha wa Bulls, Tom Thibodeau, hakuweza kumkalisha benchi. Misimu ya 2011/12 na 2012/13 hakuna mchezaji NBA aliyekuwa na wastani mkubwa wa dakika kuliko yeye, na miaka hiyo miwili aliitwa All-Star, yaani mechi ya nyota wa ligi.

Sisi Watanzania tunalielewa hili kwa uchungu kidogo. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa 2 mwaka 2009, juu kuliko Deng, akacheza NBA misimu 5. Deng alicheza 15. Simbezi Hasheem, alifika ambako hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kufika. Nasema tu kwamba namba ya kuchaguliwa haimweki mtu uwanjani. Mimi nikikaa jukwaani sihesabu pointi za mwanangu. Naangalia kama anarudi kukaba baada ya kupoteza mpira. Asiporudi, tunalizungumza kwenye gari.

Na mwili una bei yake. Mwaka 2012 Deng alichanika kano ya kifundo cha mkono wa kushoto, akaahirisha upasuaji ili aichezee Uingereza Olimpiki ya London. Waliishinda China pekee, na Hispania ikawafunga kwa pointi moja tu. Mwaka uliofuata, katikati ya mechi za mtoano, alishukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Kipimo cha kutoa maji ya mgongoni kikamletea madhara, msimu ukaishia kitandani. Hata dola milioni 72 za timu ya Los Angeles Lakers, mkataba wa miaka 4 aliosaini 2016, zilimkuta amechoka: msimu wa pili alicheza mechi moja tu. Mtoto wa miaka 13 akisema goti linauma, mpumzishe, hata kama kesho ni fainali.

La mwisho ni pasipoti, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Deng aliichezea Uingereza, kisha tangu 2019 akaongoza shirikisho la kikapu la Sudan Kusini hadi timu ikafika Olimpiki ya Paris 2024 na kuifunga Puerto Rico. Lakini huko alikuwa rais, hakuwa mchezaji. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, uraia uliopatikana baada ya mchezaji kutimiza miaka 16 unamweka mchezaji katika kundi ambalo kila timu ya taifa inaruhusiwa mmoja tu, na ukishaichezea nchi moja mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 17, kuhamia nyingine ni vigumu. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010. Tanzania haimruhusu mtu mzima. Basi mkae mezani na mtoto akiwa na miaka 14 au 15, mjue anataka jezi ya nani, ndipo mjaze fomu.